Safari ya Idjwi: Tulimpeleka Binti Yetu kwa Koko Yake

Juma hili tunawaeleza safari yetu ya Idjwi.

Wengi mnamkumbuka mwenzetu aliyefariki mwaka jana, akamwacha binti wa miaka 16 hapa Bukavu. Baba ya mtoto huyo alikufa maji binti akiwa angali mgongoni. Alikuwa akivusha kahawa usiku kwenda Rwanda, kama wanaume wengi wa Idjwi walivyofanya kwa sababu ya bei mbaya upande wetu. Ziwa halikurudisha mwili. Mama alikuja mjini na mtoto, na kwa uchungu hakusema tena habari za kule. Ila siku zake za mwisho alituomba: "Mumpeleke kwao." Tukachanga nauli, na mama 5 tukaondoka naye.

Boti huondoka asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamsha mawimbi. Tulivaa jile sisi wote. Nanyi fanyeni hivyo, hata wengine wakicheka. Njiani tulipishana na wavuvi wa sambaza wakirudi, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Binti aliangalia maji tu, hakusema neno. Mama mmoja alimshika mkono mpaka tukafika.

Idjwi ni kisiwa kikubwa, urefu wake karibu kilomita 40, chenye chefferie mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Vita vilipochoma Kivu, kisiwa kiliepuka mapigano mengi, umaskini haukukiepuka. Tulipanda kilima kwa miguu, kati ya mananasi, kahawa na migomba, tukiuliza nyumba kwa nyumba.

Koko tulimkuta mlangoni akichambua maharagi. Alimtazama binti, akasema maneno ya Kihavu ambayo mtoto hakuyaelewa. Mmoja wetu akatafsiri: "Anasema una paji la uso la baba yako." Koko alilia, kisha akakasirika. Kwa nini tulimficha mjukuu miaka yote hii? Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha kwa ajili ya marehemu, na yeye akatuandalia bugali, sombe na sambaza.

Baada ya chakula akamwongoza binti nyuma ya nyumba, penye mgomba uliopandwa siku baba yake alipozaliwa. Ule wa kwanza ulikwisha kufa zamani, lakini machipukizi yake yanazaa hata leo. Kaburi hakuna. Hapo ndipo Koko huenda kumlilia mwanawe, na siku hiyo walilia wawili.

Baba mdogo alifika jioni. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Amekuja kudai shamba?" Mkubwa wetu alimjibu kwa upole kwamba Kanuni ya Familia ya 1987 inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wa kike sawa na wa kiume. Akanyamaza. Binti akasema: "Baba mdogo, sikuja kwa shamba. Nilikuja kujua pa kulilia." Koko akaomba atafsiriwe, kisha akajibu: "Hata kama hukuja kwa shamba, lipo."

Kesho yake baba mdogo alitubebea mananasi mpaka bandarini. Habari ya shamba hakuigusa tena, na sisi tutarudi kuifuata. Binti atapitisha likizo kubwa kwa Koko, ajifunze Kihavu.

Mama, tunawaomba jambo moja. Juma hili chukueni daftari, mwandikie watoto jina la kijiji, la chefferie, la koko wa pande zote mbili, na la mtu wa kumuuliza wakifika. Hata kama kule mliumizwa, andikeni. Mwenzetu alibahatika kupata pumzi ya kutuambia. Wengine wetu huenda tusiipate.