Kamba ya shingoni haibebi mtu

Wengi wetu tuliotoka Fizi, Uvira na Rumonge tumezoea kupanda mchikichi kwa kitanzi kinachozunguka mti na kiuno. Sasa hivi tukipunguza matawi yaliyo juu ya nyumba za watu tunapanda kwa kamba na vifaa, na hapo tuelewane: uzito wote unakaa kwenye mkanda wa kiuno na mapaja. Mkanda wa kifua au wa shingo kazi yake ni moja tu, kuvuta kile kifaa cha kifuani kinachobana kamba ili kikufuate unaposimama.

Wa kifua unagawa mvuto mabegani, unafaa siku ya kazi ndefu. Wa shingo ni mwepesi na hauleti joto, ila uwe wa kuvutika na uachie wenyewe ukinaswa. Kamba ya kawaida yenye fundo shingoni hapana, hata kama mikanda imepungua. Huko ni kujinyonga.

Kabla ya kupanda, ning'inia futi moja toka chini, kisha simama. Kifaa kikilala, kaza. Shingo ikiinama, legeza. Na kama vifaa havijatimia, tawi lisubiri. Mama mwenye nyumba atatuelewa. Tumwambie tu kwa sasa watoto walale upande mwingine.