Kabla Mpira Haujafika

Mwaka 2022 nilipewa kazi ya kuchagua wasichana wanne. Wanne tu, wa chini ya miaka 13, waende Lamu kwa majaribio ya mpira ya siku moja. Kwenye boti tulikuwa na nafasi tano: wao wanne na mimi. Watatu niliwapata bila shida. Wa nne nilimkosea, na kosa lenyewe nililifanya huku nikijiona mjuzi.

Kwa asiyepajua kwetu, Mbwajumali ni kijiji cha kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki, jirani na Kizingitini na Faza. Wanaume wengi ni wavuvi, nyumbani tunasema Kibajuni, na maji ya mvua tunayavuna kwenye jabia. Kwenda Lamu si suala la nauli peke yake. Ni suala la maji ya bahari pia. Boti hupita mlango wa Mkanda maji yakiwa yamejaa. Yakitoka, unakaa ukisubiri. Mechi ya dakika 40 inaweza kula siku mbili, na mtoto wa kike kulala nje ya kwao ni mazungumzo mengine kabisa.

Mimi mwenyewe si nyota wa chochote. Nilicheza shuleni Mombasa, beki wa kulia, wa kawaida tu. Korona ilipofunga shule Machi 2020 nilirudi nyumbani, na kwa vile mchana wa kijijini ni mrefu nikaanza kuwachezesha watoto wa kike wa mtaani. Uwanja ulikuwa wa wavulana kuanzia alasiri mpaka magharibi, hilo halikuwa na mjadala. Sisi tukaachiwa saa nane, jua kali, mchanga unachoma nyayo. Magoli yetu yalikuwa boriti nne za mikoko. Mpira mmoja. Wiki ya kwanza walikuja saba, na madera yao na mitandio. Miezi michache baadaye walikuwa zaidi ya thelathini, wengine wamebeba wadogo zao kwa sababu mama hayuko.

Kati yao walikuwepo wawili ambao lazima niwasimulie. Majina sitawataja, kijiji ni kidogo.

Wa kwanza alikuwa mrefu. Miaka 12, na tayari amenipita bega. Akipata mpira anausukuma mbele, anaukimbilia, wenzake wako nyuma hatua tano, anapiga, goli. Wazee waliokuwa wakipita kwenda msikitini walisimama kidogo kumtazama. Ami yangu mmoja, ambaye hakuwahi kusema neno jema kuhusu mpira wa wanawake, alisema, "Huyo ni Mariga wa kike." Nikavimba kichwa kana kwamba nimemzaa mimi.

Wa pili, umri ni ule ule, lakini alikuwa mdogo wa mwili, mwembamba, mtandio unamteleza kila saa. Mbio hana. Halafu alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: kichwa hakitulii. Mpira uko upande ule wa uwanja, yeye anageuka kushoto, anageuka kulia, anatazama nyuma. Nikaona mawazo yake hayako mchezoni. Nilimfokea mara nyingi, "We mtoto, tazama mpira!" Alinijibu siku moja tu, tena kwa upole: "Nishautazama, dada."

Na kweli, mpira ukimfikia hakai nao. Anaugusa mara moja, umeshakwenda kwa mwenzake aliyesimama peke yake, ambaye mimi nje ya uwanja nilikuwa sijamwona. Niliona pasi. Kilichoitangulia pasi sikukiona. Nikasema huyu ana bahati.

Siku ya kuchagua sikusitasita. Mrefu akaingia. Mdogo akabaki. Asubuhi ya safari alikuja gatini kutuaga, akatusaidia kubeba mfuko wa mpira mpaka kwenye boti.

Kule Lamu, waliokuja kutazama vipaji walikaa kivulini na kila kundi likapewa dakika 20. Wetu mrefu alifunga mawili. Jina lake likaandikwa na namba ya simu ya babake ikachukuliwa. Tulirudi tukiimba, boti nzima.

Wiki iliyofuata yule mdogo hakutokea saa nane. Wala wiki iliyofuata baada ya hiyo. Nilijiambia ni chuo, ni kazi za nyumbani, atarudi. Sikwenda kwao kumwuliza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko uchaguzi wenyewe.

Na yule mrefu je? Aliitwa mara moja, kisha simu ikanyamaza. Alipofika miaka 14 wenzake walikuwa wamerefuka. Mbio zake hazikupungua, za wenzake ndizo zilizoongezeka. Ghafla anakutana na mabeki wanaomfikia, na hajui afanye nini na mpira mtu akiwa ubavuni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Mimi nilikuwa nampigia makofi tu. Aliniambia, "Dada, mpira umenitoka." Haukumtoka. Sisi ndio tuliouita mwili wake kipaji, mwili wa wengine ulipokua tukanyamaza.

Baadaye nikajua kwamba kosa langu si langu peke yangu. Katika mpira wa watoto duniani, wanaozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa mashindano huchaguliwa zaidi kuliko wanaozaliwa mwishoni. Limeonekana sana kwa wavulana, na kwa wasichana pia lipo. Si kwamba Januari inazaa vipaji kuliko Novemba. Ni kwamba wote wanaandikwa umri mmoja, wakati mmoja amemzidi mwenziwe karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 11 mwaka ni mkubwa. Kwa wasichana ongeza balehe, ambayo kwa mmoja inaanza na miaka 9 na kwa mwingine na 13. Wapange mstari mmoja wenye miaka 12: huyu ameshakaribia kumaliza kurefuka, huyu hata hajaanza. Halafu anakuja mtu na dakika 20, anauliza nani bora.

Kuhusu kichwa kinachogeuka, ndiyo nilikosa usingizi. Kuna profesa wa Norway, Geir Jordet, ambaye amefanya kazi kubwa juu ya kitu hicho hicho. Alitazama viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuhesabu ni mara ngapi wanageuza kichwa katika sekunde chache kabla ya kupokea mpira. Akakuta kwamba wale wanaotazama zaidi, pasi zao zinafika zaidi. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama sana. Hayo niliyasoma kwenye simu, nimelala, nikainuka nikakaa kitako. Wallahi nilisikia sauti yangu mwenyewe ikifoka: tazama mpira!

Mamake ndiye aliyenieleza alikoipata tabia ile. Tangu mdogo anabeba maji kwa vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. "Ukingoja usikie simile ndiyo ugeuke, ushagongwa," alisema. Mtoto alikuwa amejifunza kutazama nyuma akiwa na ndoo kichwani. Akaja uwanjani na ujuzi ambao makocha wanalipwa kuufundisha, mimi nikamwambia auache.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, mwaka mzima nimechelewa. Mama alinikaribisha barazani, akaniletea kahawa tungu, na hakunilaumu. Akaniambia na la pili. Hata ningemchagua, pengine asingemruhusu. Alikuwa amesikia kwamba mpira wa juu ni lazima mtandio uvuliwe, na kwake hilo lilikuwa mwisho wa habari.

Hakulitunga. Mwaka 2007 mtandio ulipigwa marufuku kweli uwanjani. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya vazi hilo, wachezaji wakabaki wanalia uwanjani. Ruhusa ya majaribio ilikuja 2012 na ya kudumu 2014. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, akawa mchezaji wa kwanza kucheza mashindano hayo na mtandio. Nikamwonyesha picha yake. Mama aliishika simu kwa muda mrefu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akasema, "Kumbe." Basi. Marufuku ilikuwa imeondolewa kwa karibu miaka 10, lakini hakuna aliyepanda boti kuja kumwambia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa neno "kukuza". Tunalisema kwa haraka, kuibua na kukuza vipaji, kana kwamba ni kitendo kimoja. Kuibua ni kazi ya siku moja. Kukuza ni kumjua mama ana hofu gani, mtoto anakunywa chai saa ngapi, anapoanza hedhi atafanyaje uwanjani kwenye mchanga mweupe, nani atamrudisha nyumbani kabla ya magharibi.

Kuna waliolijua hilo zamani, tena pwani hii hii. Kule Kilifi, Moving the Goalposts walianza mwaka 2001. Kinachonivutia kwao si nyota waliowatoa. Ni kwamba hawakuanza kwa kutafuta nyota. Walianza kwa kuwapa wasichana wengi ligi yao, na wasichana wenyewe wakawa ndio marefa, ndio makocha, ndio kamati. Msichana asiyecheza vizuri ana sababu ya kubaki. Na wakibaki wengi kwa miaka mingi, yule anayechelewa kukua anakuwa bado yupo siku mwili wake unapofika. Kwetu, ukishaachwa na boti, umeachwa.

Oktoba 2024, Junior Starlets walicheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika. Timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. Walifungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea Kaskazini, kisha wakaipiga Mexico 2-1. Nilifuatilia usiku, mtandao unakatika unarudi, na nilipiga kelele mpaka nikaamsha nyumba. Kisha nikapitia orodha ya wachezaji, jina moja moja. Wa Pate sikumwona. Nikapiga hesabu za umri. Mtoto niliyemwacha gatini angekuwa ndani ya umri huo.

Sisemi angefika. Wengi wazuri hawafiki, na mimi si mtu wa kujua. Ninachosema ni kwamba hakupewa nafasi ya kushindwa.

Likizo ya Agosti 2025 alinikuta uwanjani. Sasa ana miaka 15, amerefuka kiasi, bado mwembamba. Alisimama pembeni akitazama wadogo, kichwa hakitulii. Kisha akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya samaki:

"Dada, siku ile ulikuwa ukitazama nini?"

Nilitafuta jibu zuri, sikulipata. Nikamwambia ukweli: "Miguu. Na mpira."

Akatikisa kichwa. "Mimi kazi yangu naimaliza kabla mpira haujafika."

Akavua viatu, akaingia.

Anakuja mara mbili kwa wiki kila likizo. Sijamwahidi kitu, naye hajaomba. Yule mrefu pia nimemfuata kwao. Alikuja mara ya kwanza shingo upande, na sasa anajifunza kucheza akiwa na mtu ubavuni, jambo tuliloruka. Wakicheza timu moja, pasi za mdogo zinamkuta mrefu anapokimbilia. Inafaa uwaone.

Siku hizi nina daftari. Naandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, si umri tu. Naandika kimo mwanzo wa kila muhula. Kila siku ya mazoezi nachagua mtoto mmoja, namtazama dakika 10 yeye peke yake, mpira nauacha uende zake. Ni vigumu kuliko unavyodhani, macho yanaupenda mpira. Na asiyekuja wiki mbili, naenda kwao kupiga hodi.

Mwaka huu tena nimepigiwa simu: leta wanne Lamu, siku moja. Nimejibu kwa adabu kwamba nashukuru, ila safari hii tunawakaribisha wao. Waje Mbwajumali, wakae siku tatu, malazi yapo na mkate wa mofa upo. Wawaone wote zaidi ya thelathini, saa nane, kwenye jua letu.

Bado hawajanijibu. Nawasubiri. Maji yakijaa boti zinapita.