Nukta Kumi na Nne

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumamosi kundi letu la baiskeli hukutana steji ya Tiwi. Tukiwa wengi tunafika kumi na wawili. Kuna siku tunashuka mpaka Msambweni, kuna siku tunakwenda Kombani halafu tunapanda hadi Kwale mjini, na ule mlima haujali umelala saa ngapi. Mimi kwa kawaida nilikuwa nimelala saa nane.

Kilichonikesha ni ramani. Kuna ramani ya dunia inaitwa OpenStreetMap, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na yeyote mwenye akaunti anaruhusiwa kuichora. Hakuna malipo. Unafungua picha ya setilaiti, unaona kijia cha mchanga katikati ya minazi, unabofya nukta moja moja mpaka inakuwa mstari, unaandika ni njia ya aina gani, unahifadhi. Nilianza na kijia cha kwetu, kikafuata cha kisimani, kikafuata cha msikitini. Ni kama kula njugu. Unasema hii ya mwisho, kumbe saa nane.

Kwa hivyo asubuhi mimi ndiye mkia. Kapteni wetu, Mdigo wa papa hapa, huwa mbele akituonyesha kwa mkono: shimo, mbuzi, boda. Maneno yake yakinifikia huku nyuma yameshabaki nusu. Nilijitetea kwamba kazi ni moja tu, wao wanaifanya mchana, mimi usiku.

Malori ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga yalipotuchosha, kapteni akaanza kututafutia njia za ndani. Siku moja alitupitisha nyuma ya mihogo na mikorosho hadi ukingoni mwa msitu. Walioko mbele walisimama, akawaambia jambo. Mimi nilifika wanageuza baiskeli, nikanywa maji, nikageuza na yangu. Sikuuliza. Nilidhani kuna mti umeanguka.

Usiku nikapakia safari kutoka kwenye simu. Mstari wetu ulikatika pale ukingoni, na jamani, mstari uliokatika hivi hivi unakera. Kwenye picha ya setilaiti kulikuwa na uwazi mwembamba ndani ya ule ukijani, ukitokea upande wa pili. Nikabofya. Nukta kumi na nne. Nikaandika ni njia ya miguu, baiskeli zinapita. Nikalala na raha zangu.

Ule msitu ni kaya. Sitaitaja jina. Baadhi ya kaya za Mijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, wenyewe wanapokea wageni: unafungwa kaniki, unaongozwa, hutoki hata na jani. Lakini hao waliamua wenyewe. Huku kwetu hakuna aliyeamua, ila mimi na laptopu yangu.

Baada ya wiki kadhaa waendesha baiskeli wanne, wageni, wakaingia na kutokea upande wa pili. Walipoulizwa walionyesha simu: njia si hii hapa?

Kapteni hakuliandika kwenye grupu. Alikuja nyumbani jioni, akakataa chai.

"Ile njia ni wewe?"

"Ni mimi."

"Inuka twende."

Mzee alikuwa barazani. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikafungua laptopu nipate kujieleza. Aliitazama kwa hamu, tena akataka kuona nyumba yake. Nikamwonyesha. Akacheka kidogo. Kisha akaweka kidole juu ya mstari wangu.

"Na hii, mjukuu wangu, uliipita?"

"La, babu."

"Nani alikwambia ipo?"

"Niliiona kwenye picha. Ya kutoka juu."

"Basi hukufika."

"Sikufika, babu."

Kapteni alikuwa anaangalia chini. Njiani kurudi ndipo aliponiambia kwamba siku ile pale ukingoni alieleza kila kitu: kaya ni ya nani, kwa nini tunageuza. Wote walisikia. "Wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa mita mia tatu nyuma, nahema, macho mazito kwa ramani ya jana yake.

Kulikuwa na faini, nikalipa, na hayo yanabaki kule. Kuhusu mstari, ningeweza kuuacha na alama ya marufuku, maana pengo humtamanisha mchoraji mwingine. Mzee alisema futa, nikafuta. Ila ramani ile haisahau: kwenye kumbukumbu zake bado imeandikwa nani aliuchora, siku gani, na nani aliufuta. Jina ni moja. Na aliyekuwa ameshaipakua ramani kwenye simu, mstari anao mpaka siku atakapoisasisha.

Siku hizi Ijumaa nazima laptopu saa nne. Mara nyingi. Nimepanda daraja, sasa niko katikati ya kundi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na dada mgeni, simu ameifunga kwenye usukani. Tulipokaribia ile mikorosho simu ikamwambia akate kulia. Kapteni mbele ameshanyoosha mkono wa kushoto.

"Achana na simu, fuata mkono!" nikapiga kelele.

"Kwani kulia kuna nini?"

Pumzi sikuwa nayo. Nikamwambia tukifika kwenye mahamri nitamsimulia.