Mvumo Si Kelele

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma, nao walimkusudia mtu apayukaye asiye na la maana. Yamkini hawakuwahi kuketi ndani ya Subaru iliyong'olewa sailensa yake ya kiwandani, ikipanda mlima kutoka Salgaa kuelekea Molo.

Gari lenyewe lilikuwa la mwalimu mmoja wa Kiswahili. Katika Nakuru na vitongoji vyake, mlio wa Subaru ni fahari ya vijana, na fahari hiyo ilichochewa zaidi Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kitovu chake kikiwa Naivasha. Mwalimu alinunua bomba jipya la kutolea moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, pana na lenye mdomo mkubwa. Hakulinunua kwa fahari peke yake. Nakuru imeinuka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, injini hupumua kwa taabu, na kulipita lori lenye trela katika mlima ule kunahitaji nguvu ya ghafla.

Taabu ilikuwa kwa mama yake. Kila wiki ya pili alimpeleka kliniki Nakuru kupimwa shinikizo la damu, na kila waliporejea mama alishuka garini akiwa ameshika kichwa. Hatimaye akatangaza kwamba atapanda matatu.

"Kelele imekuzidi, mama?"

"Si kelele, mwanangu. Kelele naijua, nimeuza sokoni miaka mingi. Gari lako linavuma. Linanivumia hapa kifuani."

Mwanafunzi wa lugha hana budi kutua hapa. Kelele ni mchafuko wa sauti nyingi; mvumo ni sauti moja, nzito, isiyokatika, kama ya nyuki mzingani. Mafundi watatu walikuwa wameambiwa "kelele", nao wakaitibu kelele. Mmoja alishindilia ndani ya bomba waya za kusugulia sufuria. Mwingine akachomelea mdomoni kizibo chenye tundu dogo. Kelele ikapungua na nguvu ikaenda nayo, kwa kuwa moshi usiopata njia ya kutoka huizuia hewa mpya kuingia. Gari likawa linakokota nyuma ya malori pale Sachangwan kama punda aliyebebeshwa mahindi ya nyumba mbili.

Fundi wa nne, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, aliposikia neno la mama aliuliza swali moja tu: linavuma kwa mwendo gani? Akajibiwa kwamba ni mshale unapofika mizunguko 3,000 kwa dakika. Chini na juu ya hapo hutulia.

Hesabu ilifanywa na mwalimu mwenzake wa Fizikia. Injini ya silinda nne huchoma mafuta mara mbili katika kila mzunguko. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, basi mapigo ni 100 kwa sekunde. Bomba na chumba cha abiria vikiafikiana na pigo hilo, sauti hukuzwa. Dawa yake ni tawi: kipande cha bomba kilichozibwa upande mmoja, kikachomelewa ubavuni mwa bomba kuu. Wimbi la sauti huingia tawini, hugonga mwisho na kurudi likiwa limechelewa nusu ya pigo. Hapo hulikuta jingine linalopita, moja likisukuma pale mwenzake anapovuta, na yote mawili hufifia. Moshi wenyewe hauguswi, hupita njia yake kuu bila kizuizi, na nguvu haipotei. Debe tupu, basi, hutibiwa kwa debe tupu jingine!

Tawi hilo huwa na urefu wa robo ya wimbi. Katika moshi wenye joto la nyuzi 300 hivi, sauti husafiri kiasi cha mita 480 kwa sekunde. Wimbi huwa mita 4.8, na robo yake ni sentimita 120. Fundi alisikiliza kwa heshima, akakata kama alivyoelekezwa, gari likajaribiwa, likavuma vilevile.

"Mwalimu," akasema, "moshi wa tawini haupiti. Umelala, na uliolala hupoa."

Ilikuwa kweli: katika hewa iliyopoa sauti huenda polepole, na tawi linalotakiwa huwa fupi zaidi. Akapunguza sentimita tano, kisha tano tena, na tena, hadi tawi lilipokaribia mita moja na mvumo ukakatika.

Mama amerejea kwenye kiti cha mbele. Ila asubuhi za Molo ni za baridi kali, na bomba lisipopata moto tawi huwa bado halijafikia kipimo chake. Kwa kilomita chache za kwanza gari huvuma kama zamani. Yeye huuliza, "Bado halijapata moto?" na mwanawe huongeza mwendo kidogo.