Kosa Moja, Watoto Wawili

Nimezaliwa mgombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako mbege si kinywaji tu. Posa ina mbege, matanga yana mbege, hata ugomvi wa mpaka wa shamba humalizwa kwa mbege. Ndizi mbivu zichemshwe, zichujwe, zichanganywe na uji wa ulezi na maganda ya msesewe, kisha wazee wapokezane kata. Ndugu msomaji, usidhani nakusudia kuilaani.

Ila nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, na kesi za ulevi ziliniijia kila muhula. Mvulana akikamatwa, baba alifika akitabasamu: ujana huo, mwalimu. Msichana mmoja alipoletwa kwa kosa hilo hilo, wazazi hawakutokea. Alikuja shangazi, akasihi habari zisifike kanisani. Na msichana huyo ndiye aliyejua tangu utoto jinsi ya kuuotesha ulezi, ndiye aliyewamiminia wanywaji kila jioni na kuvumilia matusi yao!

Dini nayo ina sura mbili. Wakatoliki na Walutheri wa kwetu hunywa kwenye sherehe ya kipaimara, mtoto aliyesherehekewa akitazama. Waislamu na walokole wamekataa katakata, na vijana wao niliwaona ofisini mara chache. Lakini wale wachache walikuwa wamekunywa kwa kificho, mpaka kuanguka, maana hapakuwa na mzee wa kuwaambia basi. Viroba vilizidisha hayo, kwa kuwa kiroba hukaa ndani ya soksi. Serikali ilivipiga marufuku Machi 1, 2017, nami nilishukuru.

Lililonikosesha usingizi ni la akina mama wapikaji. Kabla ya ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kufutwa mwaka 2016, ada za watoto wengi zilitoka kwenye pipa la mbege. Nilimwendea mama mmoja ambaye binti yake alikuwa akisinzia darasani. Akaniuliza, "Mwalimu, nikiacha kupika, utamsomesha wewe?"

Sikumwambia aache. Nilimwomba binti asiwahudumie wanywaji siku za shule, na kaka yake, aliyekuwa akizurura tu, achote maji na kuosha vyombo. Mama alifikiri, akakubali. Kijana alinuna. Wateja walinung'unika kama wiki mbili hivi, kisha wakazoea kujimiminia wenyewe.