Nilimuuliza Mbele ya Watu

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema yule mama alinificha. Niliwaambia hivyo wauza dawa wenzangu, nikamwambia hata binti yake. Ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ni yangu.

Duka letu la dawa muhimu liko njia ya Msimbati, pale abiria wanaposubiri gari la Mtwara mjini. Wakati wa mvua homa haziishi. Mama alikuja na cheti cha zahanati: malaria, dawa mseto, vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku 3. Huku nahesabu vidonge 24, nikapaza sauti: "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Nyuma yake walisimama majirani zake. Akasema hapana.

Kumbe kila usiku alikuwa anameza amitriptilini, aliyoandikiwa kwa sababu ya sonona iliyomshika baada ya kufiwa na mumewe. Angeitajaje pale? Kwetu ukijulikana unameza dawa za akili, unaitwa mtu wa Mirembe, na Mirembe yenyewe, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko Dodoma.

Lumefantrini, iliyomo kwenye dawa mseto, huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja amitriptilini, hivyo dawa hiyo huweza kurundikana mwilini. Tena zote mbili zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Onyo limo kwenye karatasi ya maelezo, ile niliyozoea kuitupa pamoja na boksi. Siku ya pili mama alianguka bafuni, mdomo mkavu, moyo unakwenda mbio. Akawahishwa hospitali, akapona.

Sikusahau kuuliza. Niliuliza ili nionekane nimeuliza, na jibu la hapana lilinifaa kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu.

Siku hizi mgonjwa namwita pembeni, namwomba anionyeshe dawa zote alizonazo nyumbani, hata anayoiita ya usingizi. Nikikuta ya sonona, siamui mimi aache ipi: malaria isiyotibiwa inaua, na dawa ya sonona haikatwi ghafla. Namrudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Anayetumia dawa ya sonona pamoja na tramadoli kwa maumivu naye hivyohivyo, maana zikikutana zaweza kuleta degedege.

Binti yake nimeshamwomba radhi. Wenzangu niliowaambia kuwa mama yule alinificha, haya nawaandikia ninyi.