Hati za Mkono Zilizoko Mlimani

Atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam akashika njia ya magharibi kwa mwendo wa kilomita 13 hivi, hufika penye kilima chenye miti mingi ambacho watu wote hukiita Mlimani. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961 mjini katika jengo la chama cha TANU, kikahamia huko juu mwaka 1964. Maktaba yake mpya, iliyofunguliwa mwaka 2018, ni kubwa mno, wala sitaisimulia, kwani majumba makubwa si haba siku hizi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya karatasi kuukuu.

Ndugu msomaji, katika miaka ya 1960 Mwingereza mmoja, J.W.T. Allen, mjuzi wa lugha yetu, alishughulika kukusanya hati za mkono za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati hizo ziliwekwa katika maktaba ya Chuo, na orodha yake ikapigwa chapa Leiden mwaka 1970. Wengi wetu tuna habari za tendi hizo kutoka vitabuni, lakini ni wachache walioziona kama zilivyotoka mkononi mwa mwandishi.

Mhadhiri mmoja alinikaribisha nihudhurie somo lake. Kalamu za wino ziliachwa mlangoni, zikaruhusiwa penseli tu, nami nililipenda jambo hilo. Hakuanza kwa habari za mtunzi. Aliwaambia vijana, "Itazameni kwanza." Basi wakaona chini ya ukurasa neno moja limeandikwa pembeni peke yake, nalo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika zipate kupangwa. Wakaona mwishoni jina la mwandishi na jina la baba yake, tarehe ya Hijria, na ombi kwamba asomaye amwombee maghufira. Akawaeleza pia kwamba karatasi nyingi za zamani za Lamu na Siyu, ukiziinua mbele ya mwanga, huonyesha miezi miwili au mitatu michanga iliyofuatana. Mtu angedhani ni kazi ya Waislamu, kumbe ni alama ya watengenezaji karatasi wa Italia, waliojua vyema wanunuzi wao ni akina nani!

Kisha wakaanza kusoma, na hapo ndipo penye uzito wa habari yangu. Neno moja liliwasimamisha: be na te, zote zina fataha. Mmoja akasema ni "bata", mwingine akasema ni "pata". Herufi za Kiarabu hazina p wala v, na irabu zake ni tatu, hata kasra ikabidi ibebe i na e, na dhamma ibebe u na o. Vina havikuwasaidia, wala mizani, kwani maneno yote mawili yana silabi mbili na mwisho mmoja. Ikawalazimu kurudi kwenye maana ya ubeti mzima. Kitabu cha chapa huyaficha haya yote. Mhariri amekwisha kuchagua, na msomaji humeza tu. Aliyelipata neno lile ni binti aliyesoma chuoni kwao Pangani kabla hajaingia skuli. Wenzake, waliomzidi kwa mambo mengine, walimsogelea awasomee.

Upungufu huo wa herufi wazee wetu waliujua. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi na William Taylor kuhifadhi mashairi ya Muyaka, na karatasi hizo leo ziko London. Huko huko London alifundisha Sheikh Yahya Ali Omar, mtu wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, naye alijitahidi kuzitengeneza herufi hizo zitoshe kila sauti ya Kiswahili.

Sasa twatazame nyumbani. Madrasa zetu zafundisha herufi hizi kila siku, lakini mtoto hapewi hata ubeti mmoja wa lugha yake kwazo. Na mzee akifariki, sanduku lake la karatasi huchomwa au huzikwa kwa kuliheshimu Jina la Mwenyezi Mungu lililomo. Heshima hiyo ni wajibu; lakini kabla ya moto, aitwe mtu ajuaye kusoma aone ni nini kilichomo, kwani huenda ni mafunzo ya bibi kwa binti yake, mfano wa aliyoyatunga Mwana Kupona mwaka 1858.

Tangu nirudi, wanafunzi wangu wakubwa husoma beti chache kila Alhamisi kwa nusu saa. Mzazi mmoja amekuja kuniuliza kama huku si kuila saa ya Qur'ani. Nimemwonyesha daftari la mwanawe: juzuu haikupungua. Amekubali kijana aendelee mpaka Ramadhani, kisha tutazame.